Koti la Kombo Asiyesema Hapana

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana umeme ulikuwapo na ulikuwa ukikatika vilevile, katika mji mmoja wa pwani palikuwa na hoteli ya matajiri. Sakafu yake iling'aa mpaka mtu akiinama anayaona matundu yake ya pua. Karibu na mlango paliwekwa meza, na nyuma ya meza alisimama Mzee Kombo, amevaa koti jekundu lenye funguo mbili za dhahabu kwenye ukosi. Kazi yake? Mgeni akitaka kitu, Kombo anakipata. Mgeni akitaka daktari wa paka, yupo. Akitaka shada la asumini kiangazi, lipo. Mke wa Kombo akitaka kuni, hazipo, lakini hayo ni ya nyumbani kwao.

Sheria zake zilikuwa mbili. Usimwambie mtu hapana. Usitoe siri ya mgeni. Kwa sheria hizo alizeeka, magoti yakaanza kulia kama bawaba, mwenye hoteli akamwambia, "Mzee, mvishe koti mwingine, ukapumzike."

Waliolitaka walikuwa watatu: Rehani mbeba mizigo, Semeni wa mapokezi, na Chano dereva. Kombo hakujua ampe nani. Akikosea, kazi ya maisha yake itakuwa kichekesho cha mji.

Ndipo akaja Bwana Shebughe, mwenye mashamba ya chai kule Lushoto. Akasimama mezani, akakohoa.

"Mzee Kombo, nataka kumwoa Bi. Mosi, yule mjane anayeuza vitumbua hapo nje. Sina ndugu huku wa kunipelekea posa."

"Bila shaka, bwana," akasema Kombo. Angesema nini?

Wakaenda kwa Bi. Tausi, shangazi aliyemlea Bi. Mosi, mwanamke wa ulimi kama wembe. Kombo akakaa kama mzee wa shughuli, Rehani akawa msemaji, Chano akabaki garini. Bi. Mosi mwenyewe, kama ilivyo ada, alikuwa chumbani.

"Huyo bwana atamtunza mwanangu?" akauliza Bi. Tausi.

"Bila shaka, mama," akasema Rehani, kichwa kimeinama kama alivyofundishwa.

"Atamjengea hapa hapa mjini?"

"Bila shaka, mama."

"Na atamchukua Lushoto wakaishi huko huko?"

"Bila shaka, mama."

Bi. Tausi akamkazia macho. "Ana mke mwingine?"

"Bila shaka, mama!"

Lo! Kombo akafungua mdomo aseme hapana. Neno likagoma. Lilikuwa limekaa kooni tangu ujana wake, limeota kutu. Wakatolewa nje kwa ufagio.

Bi. Mosi alisikia yote. Akatoka chumbani na mwiko wake, akakata mtaa, akaingia kwenye sakafu ile inayong'aa.

"Yuko wapi huyo mume wa mtu?"

Bwana Shebughe akashuka ngazi, akamwona, akasahau hata jina lake. "Mimi? Sina mke."

"Mwongo!" Mwiko ukapanda juu.

Semeni akamvutia Bi. Mosi kiti kabla hajakitaka, akamwinamia sikioni. "Dada, huyu ana kisukari. Vitumbua anavyonunua kwako kila asubuhi haonji hata kimoja, anawagawia walinzi. Ulidhani anafuata vitumbua?"

Kombo akashika kichwa. Siri ya mgeni! Lakini Bi. Mosi alikaa, mwiko akaulaza mapajani.

"Kumbe ndiyo maana walinzi wananenepa," akasema, na midomo ikamcheza.

Bi. Mosi kalainika, sawa, ila bila neno la shangazi hapakuwa na ndoa. Nani arudi kule? Rehani alikwishajificha nyuma ya masanduku. Akaenda Chano, Kombo akijikokota nyuma yake.

"Mmeniletea bila shaka nyingine?" akauliza Bi. Tausi, ufagio u karibu.

"Hapana, shangazi."

"Atanijengea na mimi?"

"Hapana. Hajasema hivyo."

"Atayaacha mashamba ahamie hapa?"

"Hapana. Atakuwa anakwenda na kurudi. Tena anakoroma. Alisinzia garini nikadhani injini imekufa."

"Sasa huyo mtu wenu ana nini? Ana mke?"

"Hapana. Alifariki. Nilimuuliza njiani nikimleta hotelini, akalia mpaka tukaipita njia panda."

Bi. Tausi akauegemeza ufagio ukutani. "Hapana hiyo naiamini," akasema, "maana nimeona unazo na nyingine. Leteni posa."

Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, watu wakasemezana vizuri. Kesho yake Kombo akalivua koti.

"Langu," akasema Rehani. "Nani alizishika sheria zote mbili? Na nisingeteleza ulimi, Bi. Mosi angekuwa bado chumbani, bwana bado anagawa vitumbua."

"Ulimtoa na mwiko!" akasema Semeni. "Angempasua mgeni kichwa, wewe ukampangie na mazishi. Mimi nilijua watu wanataka nini kabla hawajasema. Kazi ndiyo hiyo."

"Kazi ni kutangaza damu za watu?" akasema Chano. "Kesho utatangaza na mkojo. Jibu la shangazi nimelileta mimi."

"Kwa hapana!" Rehani akaruka. "Mgeni akikuomba maji ya moto, utamwambia hapana?"

"Kama hayapo, aoge ya kuota?"

Kombo akawatazama, koti mkononi, mabega yameingia baridi. Mara mgeni mpya, mama mmoja mwenye kofia pana, akagonga meza. "Hapa nahudumiwa na nani?"

Wote watatu wakanyoosha mikono kwenye koti, kila mmoja kashika pembe yake.

Haya, nyinyi mnaotafuna njugu na kutupa maganda: mgeni yuko mezani anasubiri, na msijibu "wote", koti lina mikono miwili tu. Je, nani alistahili?