Kaa la Moto kwa Jirani

Ndugu zangu, alikuwepo mama mmoja kijana aliyepanga nyumba mjini. Mama yake mzazi akaja kutoka kijijini kumsalimia. Asubuhi binti akawasha jiko la gesi, akacheka peke yake.

"Mama, unakumbuka ulivyokuwa ukinituma moto? Umande miguuni, kigae cha chungu mkononi, naenda kuomba kaa kwa yule bibi jirani. Kurudi napuliza njia nzima lisizimike! Yalikuwa maisha matamu, ila umaskini ule! Hata kiberiti hatukuwa nacho."

Mama akaweka kikombe chini. "Nani alikuambia hatukuwa nacho?"

"Si ulikuwa unanituma?"

"Kiberiti kilikuwepo siku zote. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikakiweka darini."

"Mama! Kumbe ulinitesa bure?"

"Nilikutesa nini, na ulikuwa ukirudi na kiazi cha kuchoma mdomoni? Yule bibi alilala peke yake. Ningekutuma ukamchungulie kama yu mzima, angetufukuza wote. Lakini ukimwomba moto, anaamka, anachochea, anakutania. Nikiona kaa, najua ameamka salama. Umesahau siku uliyorudi na kigae kitupu? Tulimkuta anatetemeka kwa homa, baba yako akambeba mgongoni hadi zahanati. Akapona, akaendelea kukupa moto mpaka ukaolewa."

Mama akaelekeza kidole ukutani.

"Na huyo wa mlango wa pili, ameamkaje?"

"Simjui, mama. Tangu ahamie naona pazia tu."

Binti akautazama mkebe wake wa chumvi. Ulikuwa umejaa. Akachukua kibakuli kitupu, akatoka.

"Hodi, jirani! Naomba chumvi kidogo."

Mlango ukafunguliwa na msichana mwenye kichanga begani, nywele hazijachanwa, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Karibu, dada! Ingia, ingia! Chumvi ipo tele." Alifurahi kama vile yeye ndiye aliyeletewa kitu.

Ndugu zangu, sisi tunapokumbuka utoto wetu, tunawahurumia wazazi wetu kwamba walikuwa wakiombana kila kitu. Je, ni kweli walikosa? Leo kila mmoja wetu ana moto wake na mlango wake. Wako ukizimika, nani atajua?

Chumvi unayo nyumbani, najua. Kesho asubuhi nenda kaombe.