Ndovu Aliyepigana Pande Tatu

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mmetoka kubeba mawe? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo jua lilikuwa karibu, ukinyoosha mkono unaunguza kucha. Mto ulikauka mpaka samaki wakatembea kwa miguu, vumbi nyuma yao. Nani anabisha? Ulikuwepo?

Alikuwako Ndovu. Mkubwa! Akipiga chafya huku, kuku wa nchi ya tatu wanataga kabla ya siku zao. Yeye na mkewe, Mama Tumbi, walikuwa na kisima kwenye mchanga wa mto. Kisima cha mchanga hakichimbwi na mmoja. Mmoja anachimba, mwenziwe anasimama ukingoni, anaukanyaga mchanga usirudi ndani. Kila asubuhi hivyo hivyo. Maji yakitoka, mtoto wao Tumbi anakunywa.

Wakaja Kifaru, Nyati na Kiboko. "Jirani, tuna kiu."

"Mtakunywa," alisema Ndovu, "nikishakunywa mimi, mke wangu, mwanangu, na kivuli changu. Tena mje kwa magoti."

Nyati akafoka, "Kwani mvua umeizaa wewe?"

"Nitawapiga nyote kwa mpigo!"

"Baba Tumbi," alisema mkewe, "tuchimbe kwanza. Mtoto hajanywa."

"Ngoja niwamalize. Ni kazi ya kupepesa jicho."

Sasa wale watatu hawakuwa marafiki. Kifaru hamsalimii Nyati. Nyati hampendi Kiboko. Kiboko hajipendi hata mwenyewe. Hawakupanga kitu. Kila mmoja alishika njia yake tu.

Ndovu akamfuata Kifaru migungani. Puu! Pembe ya Kifaru, ka! ikavunjika. Kugeuka, Nyati yuko kisimani. Ndovu mbio! Akamkimbiza mpaka mbugani, akamvunja mguu. Kugeuka, Kiboko yuko kisimani. Mbio! Akamburura mpaka kwenye tope lililokauka. Kugeuka, Kifaru huyo tena. Pembe hana, lakini kiu anayo. Mbio. Puu. Mbio. Puu. Kila aliyempiga, alimpiga kweli. Alishinda migungani, akashinda mbugani, akashinda topeni, na bado kukawa na pa kwenda.

Masikio yakawa mazito kama magodoro yaliyonyeshewa. Mkonga akauburuta kama si wake. Mwisho alikuwa anatamani wamkimbie wenyewe, asilazimike kuwapiga.

Akarudi kisimani anachechemea. "Mama Tumbi, nimewashinda wote."

"Haya, umewashinda." Mkewe hakuinua kichwa. Alikuwa anachimba peke yake. Mchanga porororo! ukarudi ndani. Akachimba. Porororo! Pembeni Tumbi alilala ubavu, ulimi nje. Hata nzi hakuwafukuza.

Ndovu akasimama ukingoni aukanyage mchanga. Miguu ikamtetemeka, akaanguka yeye na mchanga wake wote, puuu! mpaka ndani ya kisima. Mkewe akaanza tena kuuzoa mchanga.

Ndovu akaita. Sauti ikatoka kama ya mbuzi. "Kifaru, ndugu yangu, njoo utusaidie."

"Leo nimekuwa ndugu? Pembe ya kuchimbia umeivunja wewe."

"Nyati!"

"Mguu wangu huu. Utazame vizuri."

"Jamani, hata kuwabembeleza siwezi," alisema Ndovu. "Nimechoka. Na mtoto anakufa."

Wakaja. Wala si kwa upendo, ni kwa kiu. Wakamvuta Ndovu nje ya kisima. Mama Tumbi akachimba. Kifaru alikanyaga ukingo wa huku, Nyati wa kule kwa miguu yake mitatu, Ndovu akaegemea katikati yao. Kiboko alilala tu upande uliobaki, maana kulala ndiyo kazi anayoiweza, na mchanga haukupita. Chimba. Chimba. Maji yakatoka, machafu, ya kulowesha ulimi. Tumbi akanywa. Akatikisa sikio. Akanywa tena.

"Sasa," aliuliza Kiboko, "nani kashinda?"

Wenziwe walikuwa wameshainamia maji, wanakunywa.

Sikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Mwenye nguvu anaweza kumpiga huyu, akampiga na yule. Wote kwa pamoja hawezi kuwamudu, hata akiwashinda, kwa sababu mwili anao mmoja tu, na nyumbani kwake kuna kazi ambayo vita haiwezi kumfanyia.

Hadithi yangu nayo imechoka. Imekaa chini hapo, haiendi mbele.