Ukuta Alioujenga Kiboko

— Masikio yapo?
— Yapo, yamekaa.
— Na ndimi?
— Tumezimeza.
— Basi natanguliza mguu, twende.
— Twende, tusiachwe.

Palikuwa na korongo, na katika korongo hilo aliishi Mama Digidigi, mnyama mdogo kuliko mbuzi, mwenye miguu kama vijiti vya kiberiti. Alikuwa na mtoto mmoja wa kunyonya, jina lake Masika. Alimpa jina hilo akitumaini mvua itaona aibu na kuja. Haikuja.

Zamani mvua ya huko ilikuwa na adabu. Ilinyesha kidogo, ikapumzika, ikarudi. Siku hizi imebadilika. Ikikawia, inakawia mpaka majani yanakuwa unga. Ikija, inakuja yote kwa pamoja, shwaaa, inapita korongoni na mchanga wake, inakwenda zake bondeni, na wenyeji wanabaki kulamba mawe.

Maji yaliyobaki yalikuwa ya bwawa moja, chini ya korongo. Humo alilala Kiboko. Asubuhi amelala, mchana amelala, jioni anatoka kula.

"Bwawa langu," alisema. "Mkitaka kunywa, ngojeni nimalize kuoga."

Akimaliza kuoga, maji yamekuwa uji wa tope. Masika aliyanywa, akaharisha. Maziwa ya mama yake nayo yalikuwa yanakatika. Kila Mama Digidigi alipomlamba mtoto, alizisikia mbavu kwenye ulimi, na moyo wake ukaenda pu, pu, pu.

Sasa, kule juu ya korongo palikuwa na gogo lililoanguka likalala kwa upana. Mchanga ulikuwa umejaa nyuma yake. Mama Digidigi alimwona Ngiri akichimba pale, na pua ya Ngiri ikatoka imelowa. Kwingine kote mchanga ulikuwa mkavu. Akawaza: gogo moja limeshika maji ya Ngiri mmoja. Ukuta je?

Akawaita wenzake.

"Tujenge ukuta wa mawe pale korongo linapobana, kabla mvua haijaja. Mchanga utajaa nyuma yake, na maji yatakaa ndani ya mchanga."

"Mwenyekiti nani?" akauliza Ngiri.

"Tuanze tu, shemeji."

"Bila mwenyekiti? Tukikosea tutamlaumu nani?"

Kanga akakung'uta mabawa. "Mama Masika, dada yangu, wewe hata kokoto inakushinda. Ukuta utaubeba na nini, na kope?"

Wakacheka. Wakaunda kamati. Kamati ikaenda kulala kivulini.

Mawingu meusi yakaanza kukusanyika milimani. Wengine walifurahi. Mama Digidigi hakufurahi. Alijua mvua hii ikipita bure, Masika hataiona nyingine. Akaenda kusukuma jiwe kwa kipaji cha uso. Jiwe halikusogea. Akasukuma tena, likamchubua. Basi akashuka bwawani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bado naoga."

"Sikuja kunywa. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya Mamba wa kule bondeni. Kila mvua ikinyesha, maji yanapita kwako yanakwenda kwake. Anasema Kiboko ni bawabu wake."

Kiboko akafungua jicho moja. "Bawabu?"

"Mimi mdogo, Mzee, nasikia tu. Ila pale juu korongo linapobana, mwenye nguvu akipaziba, maji hayapiti. Huko mtu anakuwa na bwawa kubwa kuliko hili. Nakwenda kumwomba Tembo."

"Tembo ana nini nisichokuwa nacho?"

Kiboko akatoka majini, mwili mzima ukimwagika. Akasukuma jiwe, gudu-gudu-gudu. Akasukuma lingine, gudu-gudu-gudu. Ukuta ukapanda. Mama Digidigi akatazama, moyo pu, pu, pu, kwa sababu upepo ulikuwa unapita katikati ya mawe, fyuuu, na pakipita upepo maji yatapita.

Naye hakuwa na nguvu ya kubeba udongo wa kuziba. Akafikiri upesi.

"Mzee, Tembo akipita hapa, atajuaje ukuta ni wako?"

Kila mtu anajua viboko wanavyoweka alama kwenye mali yao. Kiboko akageuza makalio ukutani, akazungusha mkia. Papapapapa! Mavi yakatapakaa, yakaingia kwenye nyufa.

"Na upande huu, Mzee?"

Papapapapa!

"Na huku chini? Tembo ana tabia ya kuinama."

Papapapapa!

Ngiri na Kanga wakaja wameziba pua.

"Kumbe Mzee yupo kazini," alisema Ngiri. "Mbona hamkusema mwenyekiti amepatikana?"

Akaanza kuleta udongo kwa pembe zake. Kanga akaita ukoo wake wote, wakaukanyaga udongo ule na mavi yale mpaka yakashikana kama ukuta wa nyumba. Mama Digidigi akaona jambo: hawakuwa wanaikataa kazi. Walikuwa wanangoja mwili mkubwa utangulie. Alizunguka tu akionyesha tundu: hapa, na hapa, na hapa pia.

Mvua ikaja. Yote kwa pamoja, shwaaa. Mama Digidigi alisimama ukingoni, Masika chini ya tumbo lake. Maji yakaupiga ukuta, bu! Jiwe la juu likaanguka. La pili likatikisika. Akafumba macho. Alipofumbua, maji yalikuwa yanapita juu ya ukuta, si chini yake.

Kulipokucha, Kiboko akaja ukutani kuoga. Akakuta uwanja wa mchanga, tambarare, mpaka ukingoni.

"Bwawa langu jipya liko wapi?"

"Limejaa mchanga, Mzee."

Kiboko akafungua kinywa, na kinywa cha kiboko kikifunguka digidigi anaingia mzima. Mama Digidigi akamsukuma mtoto nyuma yake.

"Ukinimeza mimi," alisema, "nani atamwambia Mamba kwamba ukuta ni wako?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwake kulichukua muda. Akafunga kinywa, akarudi kwenye bwawa lake la zamani akinung'unika.

Jua likarudi. Bwawa likapungua, likawa tope, tope likapasuka. Mama Digidigi akapanda juu ya korongo, akachimba nyuma ya ukuta kwa kwato, kwaru-kwaru. Mkavu. Kwaru-kwaru. Mkavu. Pu, pu, pu. Kwaru-kwaru, na mchanga ukabadilika rangi. Akangoja. Maji yakajikusanya taratibu, meupe, kikombe kizima.

Masika akanywa. Hakuharisha.

Kiboko alipofika, pua yake haikuingia shimoni, na mchangani hapakuwa na maji ya kuoga. Akasimama foleni nyuma ya Kanga, akiwaambia wote alivyopata wazo lile. Mama Digidigi akaitikia, "Ndiyo, Mzee," jicho likiwa kwenye nafasi ya jiwe lililoanguka. Mvua nyingine isingengoja kamati. Akaanza kuwaza ni uongo gani utamleta Tembo.

Hadithi imefika mlangoni, naufunga. Aliyelala abebwe, aliye macho akaoshe miguu. Na funzo lake, watoto, kama Kiboko anavyolisimulia, ni hili: mambo ya mvua na ukame waachieni wakubwa, ndio wenye akili. Wadogo kaeni kimya. Na msiseme uongo.