Nyota Tano za Darasa la Nne

Wapendwa, kaeni vizuri. Leo nawapeleka shuleni.

Kulikuwa na mwalimu mkuu mmoja, mama mchangamfu, ambaye shule yake ilipata vishikwambi vya kufundishia hesabu. Watoto walifurahi, jamani! Ukipata jibu, twiga anacheza kwenye kioo na nyota zinamwagika. Haikupita muda, darasa la nne zima likawa na nyota tano tano. Mwalimu mkuu akaita wazazi, akatangaza kwamba muhula ujao hesabu zote zitafundishwa kwa vishikwambi. Vigelegele!

Mama mmoja muuza chapati akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Tusekile wangu ana nyota tano za nusu na robo. Lakini jana nilimwambia awagawie watu wanne chapati tatu, sawa kwa sawa. Alizikodolea macho mpaka zikapoa."

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu akamwita mbele binti, aliyekuja na mama yake, akampa kishikwambi. "Hebu tuonyeshe unavyofanya."

Tusekile akabonyeza jibu la kwanza. Kishikwambi kikalia, puu! La pili, puu! La tatu, twiga akacheza.

"Mbona hukusoma swali?"

"Hakuna haja, mwalimu. Unabonyeza tu mpaka twiga afurahi."

Mwalimu mkuu akakichukua, akafumba macho, akabonyeza ovyo maswali kumi. Alipofumbua, kioo kimeandika: "Hongera! Nyota tano!"

Akawageuzia wazazi kioo wajionee. Kisha yeye mwenyewe akaangua kicheko, miwani ikamtoka. Nadhani alicheka asije akalia. Akasema, "Wazazi wangu, nimehesabu nyota, sikuuliza hata mtoto mmoja ameelewa nini."

Mpango ule akausimamisha. Akatafuta programu nyingine tatu, akakaa chini na watoto siku nzima, akiwatazama wanavyofikiri. Akachagua moja isiyo na nyota wala ngoma. Ukikosea inakuuliza umefikaje hapo, halafu inakurudisha nyuma hatua moja.

Tusekile akalalamika, "Mwalimu, hii inanichosha kichwa!"

"Mwanangu, ndiyo maana nimeichagua."

Sasa, sisi je? Mtoto katulia na simu, tunasema "anasoma." Tumewahi kukaa naye hata robo saa tukaona anasoma nini? Na sisi wazima humu? Tunahesabu semina tulizohudhuria na mahubiri tuliyotumiana kwenye simu. Haya, katika hayo yote, ni nani aliyeweza kumsamehe jirani yake? Ni nani aliyepunguza ukali nyumbani? Mbona mnatazama chini?

Ndugu zangu, kila mnachokipokea kwa jina la mafundisho, kiulizeni: jana sikuweza nini, na leo naweza nini?

Tukitoka, mgeukie aliye karibu nawe umtajie jambo moja ulilojifunza humu mwezi huu na ukalitenda. Ukilikosa, usinune. Njoo uniambie mimi, maana huenda mwenye kosa ni mwalimu.