Babu Yake Nyati Alisali Vipi

Krrr. Krrr. Krrr-kwaaa!

Msiinuke. Mwanaidi, acha pazia. Eliamani, rudi kitandani mwanangu, ni perere tu, yule mnyama mdogo wa mtini, mnene kama sungura ila masikio yake mafupi, analia huko kwenye mkuyu nyuma ya jiko, nimeshachungulia mara mbili, si mtu. Baba yenu yuko kwenye kikao cha chama, vikao vya kura za maoni huwa virefu, atarudi. Kama hamlali basi njooni hapa, kila mmoja ubavu wake, niwaambie kwa nini perere analia usiku na mchana hasikiki. Ila mwitike polepole, majirani wamelala.

Ngano inapita!

— Na ipite kwetu.

Ina miguu?

— Ina miguu na mkia.

Nani atashika mkia?

— Sisi! Hatuuachii!

Haya, ushikeni.

Hapo kale, wanyama wa upande mmoja wa mlima walikuwa na chama, kikiitwa Chama cha Desturi, na mwanachama alikuwa yeyote anayependa mambo yabaki yalivyokuwa. Mambo yenyewe hayakuwa mabaya. Hakuna kuingia chemchemi kwa miguu. Mkubwa kwa umri ndiye wa kuulizwa, na habishiwi. Anayesali hakatizwi. Watoto wanalala mapema, mnasikia? Mapema. Perere alizipenda desturi hizo, msidhani hakuzipenda, alikuwa mama kijana mwenye mtoto mmoja mgongoni, na ukiwa na mtoto mdogo unataka dunia itulie, isigeuzwegeuzwe kila siku. Kadi yake ya chama aliitunza ndani ya shimo la mti, pale pale alipolaza mtoto.

Na kila mkutano ulifunguliwa kwa sala. Nyati, mwenyekiti, alipiga magoti akaelekea mlimani. Hua aliinamisha kichwa mara saba, ku-kuu, ku-kuu. Kanga alichakura mchanga, chakwa chakwa. Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, na aliyoyasema humo aliyajua mwenyewe. Perere alisema, "Mimi yangu usiku," maana kwao walisali usiku, juu ya mti, kwa sauti. Kila mmoja akimaliza, wote wanaitikia Amina. Miaka ikapita hivyo. Hakuna aliyemhoji mwenzake.

Kisha mvua ikakataa.

Chemchemi ikawa bwawa, bwawa likawa dimbwi. Na Nyati, mkubwa vile, akishainamisha mdomo hauinuki upesi. Asubuhi, gubu-gubu-gubu! Jioni, gubu-gubu-gubu! Akawatazama wanachama waliopanga foleni nyuma yake, akawaza, hawa wakipungua, maji yangu yataongezeka. Lakini mwenyekiti hawezi kusimama mbele ya watu akasema nataka maji yenu. Akatafuta neno jingine. Akalipata.

"Chama hoyee!"

"Hoyee!"

"Desturi hoyee!"

"Hoyee!"

"Ndugu wanachama, mnajua mvua imekataa kwa nini? Imekataa kwa sababu humu ndani tumechanganyika mno. Mimi nasali kama alivyosali babu yangu. Wengine je?"

Katibu wa chama alikuwa Ngiri, mkia wima kama mlingoti, akadakia, "Wengine je? Wengine je?"

Wakaanza na Hua.

"Hua! Babu yangu aliinamisha kichwa mara saba?"

"Sijui, mwenyekiti, lakini babu yangu mimi..."

"Sikukuuliza babu yako. Babu yangu aliinamisha?"

"Hakuinamisha."

"Toka!"

Prrrr! Hua akaruka.

"Kanga! Babu yangu alichakura?"

"Hakuchakura, lakini mwenyekiti, si mimi na dada zangu tuliokupigia kampeni? Tulipiga kelele mpaka koo zikakauka!"

"Alichakura?"

"Hakuchakura."

"Toka!"

Chakwa, chakwa, Kanga akaenda zake na dada zake wote. Na hapa ndipo panaponiuma mimi, kwa sababu waliobaki walikuwa wengi, swala, pundamilia, nyani na ukoo wake, na hakuna aliyefungua mdomo, walitazama miguu yao tu, kila mmoja moyoni anasema, afadhali si mimi.

"Perere!"

Perere akatetemeka, akatetemeka mpaka mtoto mgongoni akadhani anabembelezwa, akasinzia.

"Babu yangu alisali usiku?"

"Ha-hakusali, mwenyekiti."

"Na anayesali gizani anamsalia nani?"

"Nani? Nani?" akadakia Ngiri.

"Namsalia yule yule, mwenyekiti. Ila mchana macho yangu hayaliwezi jua."

Wakacheka. Nyati akakwangua ardhi kwa kwato. "Wewe mama, nakuhurumia kwa ajili ya huyo mtoto. Nakupa mpaka kesho. Kesho ukisali kama babu yangu, unakunywa. Usiposali, wewe na mwanao, toka!"

Sasa sikilizeni. Chemchemi nyingine ilikuwa mwendo wa siku mbili, katikati ya mbuga tupu, hakuna mti hata mmoja, na juu anazunguka tai. Hua ana mabawa. Kanga ana dada kumi. Perere ana miguu mifupi na mtoto. Alijua wasingefika.

Unasemaje, Eliamani? Si angepiga magoti tu, yakaisha? Angeweza. Nami nimeliwaza hilo mwanangu, nimeliwaza leo tangu mchana. Lakini sala ile alifundishwa na mama yake juu ya mti ule ule, na mama yake alifundishwa na mama yake. Na tena, leo wanakuuliza unasali vipi, kesho watakuuliza mtoto wako anaota nini. Wataishia wapi?

Basi Perere akashuka njiani, hajui aendako, machozi yanamtoka, na huko njiani akamkuta Kobe. Kobe ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa umri, hata mwamba ulio juu ya chemchemi ulimwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mkutano umeanza?"

"Umekwisha, babu."

"Ahaa. Basi nimewahi wa kesho."

Perere akacheka huku analia. Akamweleza yote. Hua ametoka, Kanga ametoka, kesho zamu yangu, na keshokutwa babu, zamu yako, maana babu yake Nyati hakuwa na gamba. Kobe akatafuna jani moja, kwa kule kutafuna kwake unaweza kupika maharage yakaiva.

"Babu," Perere akasema, "huyo babu yake Nyati, aliye hai leo na aliyekuwepo enzi zake ni nani?"

"Ni mimi peke yangu."

Perere akaacha kulia. Akasogea karibu, akamnong'oneza. Kobe akaanza kutikisika, gamba likagonga mawe, ko-ko-ko-ko, ndivyo anavyocheka.

Asubuhi mkutano ukajaa. Chama hoyee, hoyee. Perere akasimama mbele, mtoto mgongoni.

"Mwenyekiti, nimekubali. Nitasali kama alivyosali babu yako."

"Mmeona?" Nyati akawaambia wenzake. "Mmeona? Ukikaza, wanalegea."

"Ila nisije nikakosea, mwenyekiti. Nionyeshe."

Nyati akapiga magoti, akaelekea mlimani.

"Hivyo ndivyo unavyosali wewe," Perere akasema, sauti yake ndogo. "Mimi niliambiwa nisali kama babu yako. Nani alimwona?"

Ngiri akaangalia kulia, akaangalia kushoto.

"Baba yangu aliniambia," akasema Nyati.

"Kuambiwa si kuona, mwenyekiti. Katibu, desturi inasemaje?"

Ngiri alipenda desturi kuliko alivyompenda mwenyekiti, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Akasema, "Desturi inasema aulizwe mkubwa kwa umri. Na habishiwi."

Na nani anatokeza pale kwenye nyasi, guu moja, guu la pili? Kobe. Amewahi.

"Babu Kobe, babu yake mwenyekiti alisali vipi?"

Kobe akavuta pumzi. "Lo, mzee yule alikuwa mcha Mungu. Alilala chali."

"Chali?" akasema Nyati.

"Chali. Miguu yote minne juu. Macho yanatazama mbinguni. Hainuki mpaka kivuli cha mwamba kifike majini. Mwenye mtoto mdogo tu ndiye alimruhusu ahesabu vidole vyake, ainuke."

"Babu Kobe, umezeeka, umesahau!"

Mkutano mzima ukaguna, mmmh! Mkubwa anabishiwa? Na mwenyekiti wa desturi? Ngiri akakohoa. "Mwenyekiti, kanuni ni yako mwenyewe. Asiyesali kama babu yako..."

"Toka!" wakaitikia wote, kwa mazoea tu, na waliposikia walilosema wakaogopa.

Perere ndiye aliyetangulia. Akamweka mtoto chini, akalala chali, akahesabu vidole vyake, akabiringika, huyo, kasimama. Mtoto akapiga makofi. Kisha wote wakamtazama Nyati.

Angefanya nini? Akapinda goti moja. Akapinda la pili. Puuu! Akaangukia mgongo, vumbi likaruka, miguu minne juu, na tumbo lile la maji, gulu-gulu-gulu, likamlalia kama mtu mwingine. Pembe zikazama kwenye tope la pembeni, zikanasa.

Akajaribu kugeuka kulia, wapi. Kushoto, wapi.

"Niinueni!"

Nyani akasogea kumsaidia. Perere akanyoosha mkono. "Ndugu zangu, anayesali hakatizwi."

"Niinueni jamani!"

"Sikieni anavyoomba," akasema Perere. "Semeni Amina."

"Amina!"

Na wakati mwenyekiti anasali, foleni ikasogea. Pundamilia akanywa, swala akanywa, mtoto wa Perere akanywa mpaka akapiga kwikwi. Maji yakatosha wote, yakabaki. Ndipo wakatazamana, wale wa kutazama miguu, na aibu ikawashika.

Jua likapanda. Nyati akachoka kupiga kelele, akanyamaza. Na mimi nadhani, sijui, nadhani kwa kuwa maisha yake yote alikuwa anatazama majani na maji, ile ndiyo mara ya kwanza alitazama mbingu muda mrefu namna ile. Ilikuwa kubwa. Haikuwa ya mtu. Perere akamwendea sikioni, bado anatetemeka, hofu haikumtoka hata siku ile ya ushindi.

"Mwenyekiti, Hua arudi?"

"Arudi."

"Kanga arudi, na dada zake?"

"Warudi."

"Na mimi nisali usiku?"

"Sali hata ukiwa umelala, mama, lakini niinue!"

Kivuli kikafika majini. Wakamsukuma wote, haa-hup! haa-hup! Akasimama, tope mpaka kwenye nyusi. Ngiri akaandika kanuni mpya, kila mtu asali kama babu yake, asiulizwe. Hua akarudi. Kanga akarudi, na akalalamika mwezi mzima.

Mngependa iishie hapo, eh? Hata mimi. Lakini Nyati aliipenda ile sala. Akawa anakwenda matopeni peke yake, anajilaza, anabiringika, anatazama juu. Watoto wake wakamwona, wakafanya hivyo hivyo, na wajukuu wao. Mkimwona nyati leo anagaagaa matopeni, ndiyo hiyo. Na siku moja akapita nyati mgeni kutoka ng'ambo ya mlima, akapiga magoti akaelekea mlimani. Wajukuu wakamzunguka, pembe mbele. "Babu yetu alipiga magoti? Hakupiga. Toka!"

Perere akayasikia hayo akiwa juu ya mti. Ndiyo maana mpaka leo anangoja giza, anangoja kila mwanachama alale, ndipo anasali. Krrr, krrr, hiyo ni sala. Na ile kwaaa ya mwisho ni kicheko, anaikumbuka ile miguu minne.

Ngano imepita!

— Imepita salama.

Na mkia?

— Tunao bado.

Uachieni, uende.

Na fundisho lake, maana nisipotoa fundisho bibi zenu wote wawili, wa kanisani na wa msikitini, watasema nimewapigia soga tu, fundisho lake ni hili: mtiini mwenyekiti, msali kama alivyosali babu yake, na kamwe msiseme uongo.

"Mama, kwani Kobe alidanganya?"

Mwanaidi wewe. Kobe akisali, kichwa chake kinakuwa wapi?

"Ndani ya gamba."

Basi ataonaje mtu? Tangu azaliwe hajamwona mtu yeyote akisali. Perere alimwahidi hatamwambia mtu, akamwambia mwanawe tu, na mwanawe akamwambia wake, mpaka ikafika kwangu, na sasa iko kwenu. Hii tusiifanyie mzaha, wanangu. Wale wa chama waliokuja mchana kuniuliza watoto hawa wanasali wapi, mmoja ana jina hili na mwingine lile, wakirudi kesho wakawauliza ninyi, mtasema nini?

"Tutasema tunalala mapema."

Haya. Na habari ya Kobe?

"Hatutamwambia mtu mwingine, mama. Tunaahidi."