Viazi vya Kurudia

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mnaitikia kama watu waliolala njaa! Paukwa!

Pakawa!

Haya. Maana njaa ndiyo hadithi yenyewe.

Hapo kale, kale ya babu wa babu zetu, palikuwa na kijiji juu huko kwenye vilima vya majani. Miti hakuna, kivuli hakuna. Ni majani, upepo na ukungu. Karibu na kijiji palikuwa na kilima kimoja kibaya. Upande wa nyumbani, mwinuko mdogo tu. Upande wa pili, ukuta! Ukienda unaushuka mbio, unacheka. Ukirudi, jamani, utamwita mama yako.

Basi kila mkimbiaji aliyetumwa ng'ambo alibeba viazi vya kuchoma, akaviacha juu ya jiwe chini ya ukuta ule, avile akirudi. Ndivyo viazi vya kurudia. Desturi hiyo aliianzisha Babu Kasyupa, mkimbiaji wa enzi zake. Sasa magoti yamevimba, anatembelea fimbo mbili.

Siku moja Sekela, mke wa mkimbiaji Ambilikile, akajifungua mtoto wa kike. Mtoto akalia vizuri. Damu ya mama ikakataa kukoma. Na dawa iko kwa mganga, ng'ambo ya vilima.

"Beba viazi, mjukuu wangu," akasema Babu Kasyupa.

"Babu, mke wangu anakufa, wewe waniambia viazi?"

"Beba."

"Vitanichelewesha!"

Huyooo! Tu-tu-tu-tu! Upepo vuuu! Majani shwaa! Panda, shuka, panda, shuka. Akafika, akapewa dawa, akageuka kwa njia ileile. Panda, shuka. Panda... shuka. Tu... tu... tu.

Chini ya ukuta miguu ikagoma. Akapanda kidogo, puu! Akainuka, puu! Akalitazama jiwe. Tupu. Akaiuma dawa kwa meno, akajivuta kwa kushika majani. Majani yakang'oka, akateleza hadi alipoanzia.

"Sekela, nisamehe!" akalia. "Nimeifikisha hapa tu!"

Akalala pale, hajui kwa muda gani. Mara, ko... ko... ko... Fimbo! Babu Kasyupa anateremka kwa makalio, furushi la viazi shingoni. Kumbe alitoka nyumbani saa ileile Ambilikile alipoondoka. Magoti yale ndiyo yaliyomchelewesha hadi sasa.

"Kula. Mimi niache, panda."

Ambilikile akala huku analia, akapanda. Kileleni akasikia kilio cha wanawake kijijini. Akajua.

Hakwenda nyumbani. Akashuka tena kwa mzee.

"Babu, sema basi. Sema uliniambia!"

"Nilikuambia ubebe. Sikukubebea mapema. Tumekosa sote wawili." Mzee akanyoosha mikono. "Nibebe twende. Mtoto analia, na mama hana."

Akambeba mgongoni, akaupanda ukuta ule mara ya pili.

Tangu siku hiyo Babu Kasyupa hakumwambia mkimbiaji yeyote "beba". Alitangulia mwenyewe, ko, ko, ko, akaviweka viazi jiweni. Alipokufa, Ambilikile akaishika kazi hiyo hadi uzeeni. Aliwawekea wote. Ila yeye mwenyewe, kiazi hakikupita tena kooni mwake.

Kwa hiyo, wanangu, mwenye msiba ana masikio lakini hasikii. Usimpe neno abebe. Mbebee wewe.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya kilima, kwenye lile jiwe.