Asili ya Kimya cha Soko la Isenyela

Kuna wakati soko la Isenyela halikujua kunyamaza. Wakati huo ni wa kale, lakini si kale ile ya sungura kumpiga chenga fisi. Ni kale ya watu, waliyotukabidhi mabibi zetu kwa midomo yao wenyewe. Kichwa cha garimoshi kilikuwa bado kinakula kuni na kunywa maji, na kilikuwa na kiu isiyo na haya. Kutoka pwani mpaka ziwani kilisimama kunywa mara nyingi kuliko mlevi siku ya harusi, na mahali pamojawapo pa kunywea palikuwa hapa, penye tangi lile la chuma mnaloliona limeota kutu.

Mji haukuwapo. Palikuwa na tangi, nyumba ya stesheni masta na pori la miombo. Kampuni ya mizigo yenyewe ilianza na mabehewa manane tu, yakipeleka chumvi na nguo bara, yakirudi pwani na nta, asali na karanga. Siku moja kichwa kilipokuwa kikinywa, dereva na wenzake waliona njaa, na mwanamke mmoja akawaletea viazi vitamu vya kuchemsha. Kesho yake wakaja wanawake watatu. Baada ya mwaka walikuwapo wa kuku, wa maziwa ya mgando, wa mikeka, wa vyungu, na wale wanaouza maneno matupu, ambao hawakosekani penye soko. Kampuni nayo ikanenepa. Mabehewa manane yakawa kumi na tano, kisha thelathini. Pamba ikaja, mahindi yakaja, na shaba ikaja kutoka ng'ambo ya ziwa, nzito hata reli ikawa inalia. Soko na garimoshi vilikua pamoja kama mapacha, na kila mmoja alitaka asikike yeye.

Watu wa soko hilo walikuwa na imani moja waliyoishika kuliko dini: soko likinyamaza, baraka hukimbia. Basi kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama watu walipiga kelele. Aliyekuwa na bidhaa aliitangaza, aliyemaliza kuuza alimtangazia mwenzake, na aliyekuwa hana chochote aligombana na mtu ili asionekane mzigo. Kimya kiliruhusiwa kwa jambo moja tu. Muuzaji aliyefiwa hakutangaza msiba kwa mdomo. Alifungua kanga yake ya mabegani, akafunika bidhaa zake, akakaa. Jirani zake wakamsogelea wakauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekufa?" Wakampa pole, na kelele zikaendelea kuanzia mstari wa pili.

Katika wote hao, mwenye kelele zaidi alikuwa Kalunde, muuza viazi. Sauti yake ilitangulia harufu ya viazi vyake, na viazi vyake vilinukia mbali. Madereva walisema wakiwa bado kwenye kona ya kilima humsikia akiita, "Vya moto! Vya moto! Mwenye meno na asiye na meno!" Mumewe aliitwa Sizya, na alikuwa gadi wa garimoshi la mizigo, yule anayekaa katika behewa la mwisho na bendera zake. Sizya alikuwa mtu wa kunong'ona. Hata akikasirika alinong'ona. Watu walitania kwamba Mungu aliwapa sauti mbili siku ya ndoa, Kalunde akazichukua zote. Lakini walipendana, tena sana, na kila garimoshi la Sizya lilipopita, Kalunde alimwekea viazi vitatu vikubwa chini kabisa ya kikapu, mahali ambapo mkono wa mteja haufiki.

Sasa, pale stesheni alikuwapo pia Mzee Chiduo, mkaguzi wa magurudumu. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya. Garimoshi likisimama, alitembea nalo ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani, akigonga kila gurudumu kwa nyundo yenye mpini mrefu. Gurudumu zima hulia, na mlio wake hukaa hewani kidogo. Gurudumu lenye ufa halilii. Behewa lililopita mtihani huo alilichora alama ya chaki, akaendelea na linalofuata. Kwa mabehewa manane, kelele za soko hazikumsumbua sana, kwani alikuwa na hila yake: aligonga, kisha akabandika kiganja kwenye chuma, akasikiliza kwa mkono. Lakini mabehewa thelathini ni magurudumu mia mbili na arobaini, na kichwa kikishashiba maji hakina subira.

Mzee alikwenda sokoni kwa adabu zote akawaomba. "Wanangu, ninapogonga nyundo nipeni kimya kidogo tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Methali hiyo ndiyo iliyomponza. Wauzaji waliona wametukanwa, na Kalunde akamjibu mbele ya wote, "Mzee wangu, biashara ni matangazo. Kama masikio yamejaa grisi, lete tukuchokonolee!" Soko zima likacheka. Tangu hapo kila alipopita na nyundo yake watu walimwonyesha vijiti. Dhihaka hiyo ilimwingia Mzee Chiduo moyoni, na ilimwingia zaidi kwa sababu mwenyewe alianza kushuku kwamba huenda ni kweli, huenda uzee umefika masikioni.

Siku ya siku garimoshi liliingia asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Mavuno yalikuwa mazuri mwaka huo na soko lilikuwa limefurika. Mabehewa yalikuwa thelathini na mawili: ya mbele mahindi, ya katikati shaba, na mkiani behewa la gadi, Sizya akiwa ndani yake. Mnajua kwamba ukitoka Isenyela kwenda mashariki reli inashuka mteremko mrefu wa Nkaya, na chini ya mteremko kuna daraja. Gurudumu likipasuka pale katikati ya garimoshi, behewa huanguka, na kilicho nyuma yake kinafuata. Behewa la gadi liko nyuma ya yote.

Mzee Chiduo alianza kugonga. Alipofika behewa la kumi na saba, la shaba, akagonga mara moja, akagonga mara ya pili, akabandika kiganja. Akasimama. Akagonga tena. Kisha akairudisha chaki mfukoni.

Stesheni masta akaja mbio na saa mkononi. Garimoshi la abiria lilikuwa likingoja stesheni ya mbele ili wapishane, na reli yenyewe ilikuwa moja. "Vipi, Mzee? Bovu?"

"Sikusema bovu, bwana. Nasema sijalisikia, hata kwa kiganja. Na gurudumu nisilolisikia siliwekei chaki."

"Basi leo litaondoka bila chaki," akasema stesheni masta, akaenda kuchukua bendera yake ya kijani. Alikuwa na mamlaka hayo, na alikuwa amechoshwa na ripoti za kuchelewa.

Kalunde alikuwa karibu, kikapu kichwani, akielekea mkiani na viazi vyake vitatu. Alisikia yote, na kwa mazoea akarusha utani wake: "Grisi hiyo, Mzee! Grisi!" Waliokuwa karibu wakacheka. Mzee Chiduo hakukasirika. Alimgeukia, akamnyooshea nyundo.

"Njoo, mwanangu. Masikio yako mabichi. Gonga wewe. Ukinihakikishia kwamba ni zima, naweka chaki sasa hivi, na mumeo aende zake."

Kalunde akatua kikapu, akaishika nyundo kwa madaha huku watu wakimshangilia. Akagonga. Aliiona nyundo ikigusa chuma. Aliusikia mtetemo viganjani. Lakini masikioni alimsikia Nyamizi wa kuku akiapa kwamba jogoo wake hajawahi kuugua, akawasikia wawili wanagombania nafasi ya kivuli, akamsikia muuza mikeka akiimba. Gurudumu hakulisikia. Akagonga tena kwa nguvu zaidi. Halikusikika. Akagonga la pembeni yake, ambalo Mzee alikuwa ameshalipitisha kwa kiganja, nalo halikusikika. Hapo ndipo Kalunde alipotambua kwamba masikio ya Mzee Chiduo hayakuwa na kasoro yoyote, na kwamba kwa miezi yote hiyo magurudumu yaliyombeba mumewe yalikuwa yakipita hapa bila mtu kuyasikia. Akatazama mkiani. Sizya alikuwa ameegemea mlango wa behewa lake, mtulivu, akiangalia upande wa kikapu.

Hofu ilimshika Kalunde. Akageukia soko akapaza sauti yake yote, "Nyamazeni! Nyamazeni!" Na soko, ambalo lilimjua, likadhani ni tangazo jipya la viazi. Likamwitikia kwa furaha, "Nyamazeni! Nyamazeni!" na kelele zikawa kubwa kuliko mwanzo. Ndiyo mshahara wa mtu anayepiga kelele kila siku: siku anayotaka kusikika hana cha kuongeza.

Stesheni masta alikuwa ameshafika mbele, kule kwenye kichwa. Dereva alikuwa amepanda. Kalunde akakigeukia kikapu. Alifungua kanga mabegani, akaitandaza juu ya kikapu chake cha viazi vya moto, akakaa chini kando yake, hapo hapo kwenye kokoto za reli, mikono mapajani.

Nyamizi wa kuku ndiye aliyemwona kwanza. Kiapo kikamfia mdomoni. Akamsogelea, akainama, akauliza kwa sauti ya chini kama ilivyo desturi, "Dada Kalunde, nani amekufa?"

"Hajafa mtu," Kalunde akajibu. "Ndiyo maana nafunika."

Nyamizi akamtazama, akaitazama nyundo, akatazama mkiani mwa garimoshi. Alirudi akafunika tenga lake la kuku. Muuza mikeka akaona kanga mbili, akaacha kuimba. Wa maziwa akafunika vibuyu, wa vyungu akafunika vyungu, na kanga zikaenda zikitandazwa mstari kwa mstari mpaka mwisho wa soko, watu wakiulizana kwa macho tu. Kuku wenyewe, gizani, wakatulia. Kwa mara ya kwanza tangu soko hilo lizaliwe, watu wa Isenyela walisikia maji yakidondoka kutoka kwenye tangi. Stesheni masta, bendera ikiwa nusu angani, alihisi kitu kimepotea, akageuka. Akaishusha taratibu.

Mzee Chiduo akaichukua nyundo yake. Akagonga gurudumu la kwanza la behewa la kumi na saba, nalo likalia vizuri, mlio ukasafiri mpaka kwa wauza mikeka. Akagonga la pili. Likalia. Akagonga la tatu.

Du.

Wanawake wa soko zima wakatazamana. Nani kati yao asiyeijua sauti hiyo? Ndiyo sauti ya chungu unachokigonga kwa kidole kabla ya kununua, kisha unamrudishia mfinyanzi bila kumwambia kitu. Mzee Chiduo akapiga goti, akafuta uchafu kwa kitambaa chenye mafuta, na ufa ukaonekana, mwembamba kama unywele, kutoka ukingoni hadi karibu na ekseli. Mpaka chini ya Nkaya gurudumu lisingefika zima.

Na katika kimya hicho kikubwa ikasikika sauti ndogo kutoka mkiani, sauti ambayo soko halikuwahi kuisikia hata siku moja. Ilikuwa ya Sizya, ambaye kule alikokuwa hakujua lolote. "Kalunde," aliita kwa upole wake, "viazi vyangu vipo?"

Soko lilicheka mpaka watu wakashikana mabega. Kalunde alicheka na kulia kwa pamoja, akafunua kikapu, akakimbia ubavuni mwa garimoshi hadi mkiani na viazi mkononi. Alimpa Sizya vitatu vyake, kisha akamwongezea cha nne, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu waoane.

Behewa la kumi na saba likakatwa na kusukumwa njia ya pembeni. Shaba ikahamishiwa behewa jingine, kipande kwa kipande, kazi iliyochukua mpaka alasiri. Abiria wa garimoshi lililokuwa likingoja walinuna, lakini walifika. Na kwa kuwa watu wa kazi walikuwa wengi na njaa yao ilikuwa kubwa, hapakubaki kiazi, wala kuku, wala tone la maziwa. Hata mikeka ilinunuliwa na waliotaka kulala kidogo kivulini. Jioni wauzaji walirudi nyumbani na vikapu vitupu, wakikiri kwamba baraka hazikukimbia popote. Stesheni masta alimwendea Mzee Chiduo mbele ya watu, akavua kofia. Mzee alimwambia tu, "Lete chaki mpya, bwana. Hii imekwisha."

Garimoshi lililofuata lilipoingia, nyundo ya kwanza ilipolia, Kalunde alifungua kanga akafunika. Hakumwambia mtu. Hakuhitaji.

Na tangu siku hiyo soko la Isenyela hufunika bidhaa zake na kunyamaza garimoshi la mizigo likiwa stesheni. Vichwa vya siku hizi havinywi maji, na mabehewa yamefika sitini. Kuna mitambo kando ya reli inayoyapima magurudumu yakiwa mbioni, na mara nyingi garimoshi halisimami hata kidogo. Sisi hufunika vilevile. Litapita lote, tutauona mkia wake ukizama kwenye mteremko wa Nkaya, kisha kanga zitafunuliwa na kelele zetu zitaanza pale pale zilipokatikia. Mgeni akiona hivyo hushtuka, akamwinamia muuzaji wa karibu na kuuliza nani amekufa. Naye muuzaji, hata awe binti aliyeanza kuuza jana, atamjibu lile lile alilofundishwa na mama yake:

"Hajafa mtu. Ndiyo maana tumefunika."